Malipo Ni Hapa Hapa? Hofu ya Mungu, Karma, na Sisi Tunaoishi Kambini

 

Kuna maneno mawili tunayasikia sana hapa Nakivale. La kwanza ni la wazee, la kanisani na la msikitini: "Mwogope Mungu." La pili ni la vijana na limekuja na simu: "Karma itamfikia." Mtu akiibiwa kuku, mama atasema Mungu anaona. Kijana wake ataweka kwenye stetasi kwamba karma haina haraka. Wote wawili wanataka kusema kwamba ubaya haupotei bure. Lakini maneno haya si kitu kimoja, na sisi tunaona tofauti yake ni kubwa, hasa kwa watu waliopoteza karibu kila kitu bila kosa lao.

Swali letu ni hili: ni nini kinamfanya mtu atende haki wakati hakuna mtu anaona?

Msidhani ni swali la kupitisha muda. Wengi wetu katika kundi hili tunajitolea. Tunapanga foleni siku ya mgao, tunawabebea wazee mizigo, tunatafsiri kwenye kituo cha afya na maofisini. Kazi ya kutafsiri ndiyo inatufundisha zaidi. Daktari anajua Kiingereza na Kinyankole. Mgonjwa anajua Kibembe, au Kirundi, au Kisomali. Katikati yuko kijana wa miaka 22, na yeye peke yake ndiye anajua pande zote mbili zimesema nini. Akipunguza neno, hakuna mtu atajua. Akiongeza, hakuna mtu atajua. Mama akieleza jambo lililompata njiani wakati wa kukimbia, jambo ambalo hajamwambia hata mume wake, yule kijana anatoka pale na siri hiyo. Jioni anakaa kijiweni na wenzake. Nani atamzuia kuongea?

Hakuna kamera pale. Karatasi ya kanuni aliyosaini iko kwenye faili, na faili iko kabatini. Siri ikitoka, mama yule harudi tena kutibiwa, na wanawake wengine waliosikia hawaendi kabisa. Halafu kwenye mkutano watu wanauliza kwa nini akina mama wa kijiji fulani hawaji kliniki. Jibu liko kijiweni.

Wengine watasema dawa ni mashine. Ni kweli mashine inasaidia. Mwaka 2018 serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walituhesabu upya wakimbizi wote wa nchi hii kwa alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Kazi ilianza mwezi wa tatu ikaisha mwezi wa kumi. Kabla ya hapo ilisemwa tuko kama milioni 1.4. Baada ya hapo tukapatikana kama milioni 1.1. Si wote waliopungua walikuwa wizi; wengine walikuwa wamerudi nyumbani, wengine walikuwa wamehamia kwingine. Lakini tuhuma za majina hewa ndizo zilizoleta kazi ile, na mwaka huo huo maafisa kadhaa walisimamishwa kazi. Kwa hiyo hatuidharau mashine. Ila mashine inaona mboni ya jicho, haioni ulimi wa mkalimani. Inajua kwamba aliyepokea ni mwenyewe, haijui kama alisukumwa, alitukanwa au aliombwa kitu kingine kabla ya kupokea. Pale mashine inapoishia, ndipo swali letu linapoanza.

Sasa tuitazame karma.

Neno karma ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni tendo. Wahindu, Wabudha na Wajaini wamelitafakari kwa zaidi ya miaka 2000, na hawakulitafakari kama sisi tunavyoliandika kwenye simu. Kwao karma si polisi wa kumvunja mguu mwizi wa kuku wiki inayofuata. Tendo ni kama mbegu, na tunda lake linaweza kuchelewa mpaka maisha mengine, baada ya mtu kufa na kuzaliwa tena. Wabudha wanakazia pia nia: kumkanyaga mdudu bila kumwona si sawa na kumkanyaga kwa makusudi. Waislamu wenzetu watalitambua jambo hilo, maana kwao pia tendo hupimwa kwa nia.

Sisi tumechukua neno, tukaacha habari ya kuzaliwa tena, tukalivalisha methali yetu: malipo ni hapa hapa duniani. Na tuseme ukweli, lina uzuri wake. Kwenye mtaa mmoja hapa kuna Mkatoliki, Mpentekoste, Mwislamu na mtu ambaye hasali popote. Ukisema "Mungu wangu" mtabishana mpaka usiku. Ukisema "mwosha huoshwa" wote wanaelewa. Leo wewe ndiye unapanga foleni, kesho wewe ndiye unapangwa. Leo wewe unamtafsiria mama wa watu, kesho mama yako atatafsiriwa na mtoto wa watu. Hilo mtu analielewa bila kuhubiriwa.

Lakini karma ya namna hii ina sumu ndani, na sumu yenyewe iko upande wa pili. Kama kila mbaya analipwa hapa hapa, basi kila anayeumia alifanya kitu. Si ndiyo? Geuza tu sentensi. Mwizi atateseka, huyu anateseka, kwa hiyo huyu ni mwizi. Na tunajua vizuri sana maneno hayo yanavyosikika. "Yule mama amezika watoto watatu, lazima kuna kitu." "Yule mzee kila mwaka fomu yake inakwama, tujiulize alifanya nini kule kwao." Wajane na wazee wangapi wameitwa wachawi kwa sababu shida iliwapenda? Mtu anapoteza nyumba, halafu anapoteza na jina.

India yenyewe ililijua tatizo hili mapema. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika familia ya watu waliohesabiwa kuwa najisi, watu ambao wengine hawakutaka hata kuwagusa. Kwa vizazi vingi waliambiwa kwamba kuzaliwa chini ni tunda la matendo yao ya maisha yaliyopita, kwa hiyo wavumilie. Ambedkar alisoma, akawa mwanasheria, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India huru. Alikataa kabisa hesabu ile ya kumlaumu aliyekanyagwa. Mwaka 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu, na hata ndani ya Ubudha hakukubali karma itumike kumwambia maskini kwamba umaskini ni deni lake la zamani.

Sisi tuko karibu na jambo hilo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 WFP ilitugawa katika makundi matatu ya mgao, na kundi la tatu likabaki bila kitu. Mwezi wa tano 2025 watu kama milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Sababu inajulikana: pesa za wafadhili zilipungua. Lakini kuna mhubiri mmoja alisimama akasema chakula kimekatwa kwa sababu ya dhambi za kambi, na watu wakaitikia amina. Tunauliza kwa heshima: mtoto wa miezi minane alitenda dhambi gani mwaka 2025? Wale waliobaki kwenye kundi la kwanza ni watakatifu? Bajeti imekatwa mbali huko, halafu huku sisi tunatafutana nani alimkosea Mungu.

Mnaona hapo kwamba si karma peke yake yenye sumu hiyo. Hata hofu ya Mungu inaweza kuinywa. Ndiyo maana habari ya Ayubu iko kwenye Biblia, na jina lake liko kwenye Kurani pia. Mtu mwema anapoteza mali, watoto na afya. Katika Biblia marafiki wanakuja kumfariji, halafu wanageuka wapelelezi: kiri bwana, ulifanya nini? Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wale marafiki, si Ayubu. Tungependa kila mtu anayeitembelea nyumba ya msiba hapa kambini akumbuke mwisho huo kabla hajafungua mdomo.

Sasa tuje kwenye hofu ya Mungu yenyewe.

Kuna watu wanaona hofu ni sababu ya kitoto: unatenda mema kwa sababu unaogopa fimbo. Sisi hatuharakishi kuicheka. Kuna siku fimbo ndiyo inasaidia. Mwaka 1994 nchini Rwanda alikuwepo mama mmoja, Zura Karuhimbi, mganga wa miti shamba wa Ruhango. Watu walimwogopa, wakisema ana nguvu za giza. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi aliwaficha watu zaidi ya 100 kwenye kinyumba chake. Wauaji walipofika mlangoni hakuwahubiria upendo. Alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akawaambia wakiingia watapatwa na ghadhabu ya Mungu na ya mizimu. Wenye mapanga wakarudi nyuma. Hawakurudi kwa sababu ya wema, walirudi kwa woga. Na watu waliokuwa ndani wakaishi.

Kwa hiyo msituambie hofu haina kazi. Mtu ambaye moyo wake umekufa, mwacheni aogope kitu, chochote.

Lakini angalieni tena mlango ule. Nje kulikuwa na hofu. Ndani, yule mama mwenyewe alikuwa na nini? Kama angekuwa mtu wa kuogopa tu, angewatoa watu wale siku ya kwanza, maana wenye mapanga walikuwa karibu kuliko Mungu. Kilichomfanya afungue mlango kilikuwa kitu kingine.

Na mwaka ule ule kuna upande wa pili ambao unauma. Watu walikimbilia makanisani, Nyamata, Ntarama, Nyange, wakiamini hakuna mtu atathubutu kumwaga damu nyumbani kwa Mungu. Waliuawa humo humo. Wengi wa waliowaua walikuwa majirani, watu waliobatizwa, waliokaa nao kwenye mabenchi yale yale. Padri wa Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Kongo kwetu pia tumeona wenye silaha wanaomba kabla ya kwenda kuchoma kijiji. Hofu ya Mungu ilikuwepo mdomoni. Ilikuwa imehamishwa: walimwogopa mkubwa wao kuliko Mungu, au waliambiwa Mungu yuko upande wao, wakaamini.

Hapo tunadhani lugha yetu inatusaidia. Kiswahili kina kuogopa na kina kucha. Unamwogopa nyoka, unamwogopa mwenye bunduki. Mungu unamcha. Mcha Mungu si mtu anayetetemeka, ni mtu anayejua kuna aliye juu yake, kwa hiyo hawezi kumfanya mwenzake kuwa takataka. Anayeogopa anapiga hesabu: nikikamatwa je? Nikitubu Jumapili si yataisha? Anayemcha hapigi hesabu hiyo. Wenzetu Waislamu wana habari ya Rabia wa Basra, mwanamke wa karne ya 8. Inasimuliwa kwamba alipita barabarani na moto mkono mmoja na maji mkono mwingine, akitaka kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe, si kwa tamaa ya zawadi wala kwa woga wa moto. Hapo hata mcha Mungu amekwisha kutoka kwenye fimbo.

Kuna jambo moja bado, na kwetu Wakongomani ndilo zito kuliko yote. Karma na hofu ya Mungu zote zinaweza kuwa dawa ya usingizi. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti inayoitwa Mapping, juu ya maovu makubwa yaliyofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003. Matukio 617 yameandikwa humo. Miaka imepita, na wengi wa waliohusika hawajawahi kuona mahakama. Wengine wana vyeo. Wana nyumba nzuri, watoto wao wanasoma nje. Malipo ya hapa hapa yako wapi? Na sisi tunaandika kwenye simu, "Karma itawafikia," tunalala. Au tunasema, "Tumwachie Mungu," tunalala vilevile.

Thomas Lubanga alihukumiwa na mahakama ya The Hague mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini huko Ituri, akapewa miaka 14. Bosco Ntaganda alipewa miaka 30 mwaka 2019. Karma haikuwapeleka pale. Kuna watu waliandika tarehe na majina ya vijiji. Kuna mashahidi walikubali kusimama na kusema yaliyowapata, wengine wakiwa wamefichwa sura na sauti kwa usalama wao. Na kati ya mashahidi na majaji walikaa wakalimani. Mnaona tunaporudi? Mkalimani mmoja mwaminifu ana kazi kuliko stetasi elfu moja za karma.

Basi msimamo wetu ni upi? Hatusemi karma itupwe wala hofu ya Mungu itupwe. Tukilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, tutachagua kumcha Mungu, kwa sababu Mungu unaweza kumlilia, unaweza kumuuliza kama Ayubu, unaweza kutubu kwake ukaanza upya. Karma ya kwenye simu haisikii kilio na haisamehi mtu. Lakini yote mawili tunaona ni fensi ya shamba. Fensi inazuia ng'ombe wasiingie, ni nzuri, ila fensi haioti mahindi. Kinachotakiwa kuota ndani ni utu: kumwona mama yule mbele ya daktari kuwa ni mtu kamili, siri yake ni yake, hata kama mbinguni kungekuwa kumelala na karma imechoka.

Na utu hauoti kwa maneno matupu. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwa sisi wa kujitolea: tusipange foleni ya ndugu zetu wenyewe. Mama yako mdogo akifika, mpe mwenzako amhudumie. Wakalimani tuambizane ukweli sisi kwa sisi. Mwenzako akianza kusimulia kijiweni yaliyosemwa kliniki, mwambie hapo hapo, "Kaka, hiyo si yako." Usingoje Mungu amwambie, wewe uko karibu.

Kwa wachungaji, masheikh na wazee wetu: shikamooni, tunawaomba msiwabebeshe watu dhambi ambazo ni za bajeti. Mtu akifiwa au akinyimwa kadi, mfarijini kwanza. Hubirini hofu ya Mungu kwa wenye nguvu, wanaogawa, wanaoandika majina. Mnaihubiri sana kwa wanaopokea.

Kwa ninyi wa mashirika: mnatuletea mafunzo ya kanuni, tunasaini, tunashukuru. Lakini mnapomkuta mkimbizi mwaminifu msishangae kama mmeona maajabu, na mnapomkuta mwizi msiseme "hawa watu". Na mkikata mgao, njooni mseme wenyewe kwa lugha tunazozielewa ni kwa sababu gani. Mkikaa kimya, nafasi hiyo inajazwa na wanaosema ni laana. Uwongo ule unaua majina ya watu.

Kuna mtu ataturudia na swali: "Na kama nikitenda haki, halafu sipati chochote, wala hapa wala kule, nimefaidi nini?" Ndugu, umefaidi kwamba kuna mama mmoja Nakivale anaweza kwenda kliniki tena. Hiyo haitoshi?

Wazee walisema tenda wema nenda zako. Walijua kwamba anayesimama kusubiri malipo anazuia njia.